Sikubali na Simu Iliyogoma Kuwaka

Kisa hiki ni cha kweli tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Msimulizi wake yuko tayari kuapa akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono juu, mbele ya shahidi yeyote mtakayemleta. Hakuongeza wala hakupunguza. Hata alipoona mahali ambapo chumvi kidogo ingekoleza, alijizuia, na kwa mtu wa umri wake kujizuia si kazi ndogo.

Basi palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Sikubali. Wazazi hawakumpa jina hilo. Alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimwambia mvua inanyesha, atasema hakubali mpaka alowe. Ukimwambia ana usingizi, atabisha huku kidevu kinagonga kifua. Walimu walishamzoea, na majirani walikuwa wakimwita hivyo hata mbele ya wageni.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mama alikuwa na namna yake ya kupima wateja. Mikono yote miwili ilishika utepe, mdomo umejaa pini, na Mungu hakumpa mkono wa tatu wa kushikia kalamu. Kwa hiyo aliiweka simu mezani, akaiwasha irekodi, akataja vipimo kupitia pini zile. Maneno yalitoka yamebanwa kama abiria wa siku ya sikukuu. Kifua kilikuwa "fua", na thelathini na sita ilikuwa "felafini na fita". Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyeielewa lugha hiyo, naye ni Sikubali. Kazi yake kila jioni, akishavua sare ya shule, ilikuwa kusikiliza sauti zile na kuandika vipimo katika daftari lenye jalada la bluu.

Wiki hiyo walikuja wauguzi wapya wa kituo cha afya, ishirini na watatu, kupimwa sare. Walipimwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kisha wakasafirishwa kwenda mafunzoni, mbali. Wangerudi Jumapili jioni, na Jumatatu alfajiri sharti waingie kazini wamevaa. Kila jioni mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, "Umeandika, mwanangu?" Na kila jioni Sikubali alijibu kwamba ameandika.

Hakuwa ameandika hata kimoja. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa amemrushia mapambo ya skrini: samaki wa rangi saba waliokuwa wakiogelea juu ya simu, wakikugeukia ukiwagusa. Sikubali alikuwa anawagusa samaki tangu Jumatatu. Kasoro yao ilikuwa moja tu, walichelewa kutokea simu ikiwashwa. Jumatano jioni akaingia kwenye mipangilio ili samaki waamke kabla ya kitu kingine chochote. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamwonya kwamba simu inaweza kugoma, ikamuuliza tena. Akabonyeza ndiyo kwa kidole cha hasira, maana hakupenda kuulizwa swali moja mara mbili. Kisha akaizima na kuiwasha ili awaone samaki wake.

Jina la kiwanda likatokea. Simu ikatetemeka, ikawa giza. Jina likatokea tena, simu ikatetemeka, ikawa giza. Ilikuwa kama mtoto anayeamshwa kwenda shule, anafungua jicho moja, anakumbuka mtihani, analifumba. Ilifanya hivyo mara elfu moja na mia mbili. Samaki hakuonekana hata mmoja.

Mama alipoitaka simu yake, Sikubali alimpa na kusema betri imechoka. Alisema kwa sauti imara kabisa, akimtazama usoni. Mama akaichomeka kwenye umeme usiku kucha. Asubuhi bado ilikuwa inaamka na kufumba jicho.

Alhamisi baada ya masomo, mama na binti wakaenda kwa fundi simu. Watu walimwita Darubini kwa sababu ya lenzi aliyofunga kwenye paji la uso. Akiishusha jichoni, jicho linakuwa kubwa kama sahani. Kibanda chake kilikuwa na kaunta ya kioo, vifuniko vya simu vilivyoning'inia ukutani, na bisibisi nyembamba kama miba. Alikuwa mtu mtaratibu. Kabla ya kugusa kitu alimuuliza kila mteja swali lilelile: iliguswa nini kabla haijagoma?

"Haikuguswa," Sikubali akajibu kabla mama hajafungua mdomo.

"Haikuanguka, haikuingia maji, hakuna kilichoongezwa wala kubadilishwa?"

"Nimesema haikuguswa."

Darubini akamtazama kwa jicho la lenzi, akaanza kazi. Alipima betri, ikawa nzima. Alibadilisha waya wa kuchajia. Alifungua simu, akapuliza vumbi, akasafisha kwa brashi, akaifunga. Saa nzima ikapita, na simu ikaendelea kuamka na kulala. Mwishowe akaivua lenzi, akajifuta jasho. Akamweleza mama kwamba kifaa chenyewe hakina ugonjwa. Kama kweli hakuna kilichobadilishwa, basi mfumo umeoza wenyewe kwa ndani, na dawa iliyobaki ni kufuta kila kitu ili simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Itawaka, lakini itakuwa tupu. Picha, namba na sauti zote zitakwenda.

Sikubali alishusha pumzi. Mama yake hatakubali, alijiambia. Ubishi alirithi kwa nani?

Lakini mama alifikiri kidogo tu. Akasema picha zinauma, ila namba za watu atazitafuta tena. "Vipimo viko daftarini, ashukuriwe huyu binti. Futa, fundi. Kesho asubuhi naanza kukata vitambaa."

Darubini akaweka vidole juu ya vitufe viwili pembeni mwa simu. Sikubali aliviona vidole vile, akawaona wauguzi ishirini na watatu wakishuka garini Jumapili jioni, na mama yake ameshika mkasi bila kipimo hata kimoja. Mkono wake ukatoka wenyewe. Ukaifunika simu pale juu ya kaunta.

"Sikubali," akasema. "Isifutwe."

Mama akamwambia atoe mkono. Hakuutoa. Fundi akamwambia kwa upole kwamba wateja wengine wanangoja, na kweli nyuma yao mwenye duka la saruji alikuwa ameshaanza kuguna. Hakuutoa. Mama akamuuliza amepatwa na nini, anamtia aibu mbele za watu. Sikubali alikaza taya. Kichwa hakikushuka.

"Daftarini hamna kitu, mama. Sikuandika. Vipimo vyote vimo humu. Na betri haikuchoka, ni mimi nilibadilisha mipangilio. Niadhibu utakavyo, hata hapa hapa mbele ya watu, lakini isifutwe."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

Darubini akavuta kigoda, akamketisha Sikubali upande wa ndani wa kaunta, akamtaka aeleze hatua kwa hatua alichobonyeza, asiruke hata kimoja. Sikubali akaeleza samaki, akaeleza ile ruhusa ya kuamka kwanza, akaeleza na onyo alilolipuuza. Fundi akawa anaitikia kwa kichwa, na uso wake ukawa unang'aa.

"Sasa tumeshika mkia wa nyoka," akasema. "Hao samaki wako wamesimama mlangoni. Simu ikitaka kutoka, wanaizibia njia. Kuna njia ya kuiwasha kwa usalama, inaamka na vitu ilivyozaliwa navyo tu, wageni wote wanabaki wamelala. Tukiingia kwa njia hiyo tunawatoa samaki, na hakuna kinachofutwa. Ila nilikuwa siwezi kuwatafuta wageni katika nyumba niliyoambiwa haina mgeni."

Alimwonyesha namna ya kufanya. Shika kitufe cha kuwashia mpaka jina la kiwanda litokee, kisha kiachie na ushike cha kupunguza sauti, usikiachie mpaka simu iamke. Akamsogezea simu. Aliyewaingiza samaki ndiye atakayewatoa.

Mara ya kwanza Sikubali aliwahi mno, simu ikafumba jicho. Mara ya pili alichelewa. Mwenye duka la saruji akasema kwa nyuma kwamba mambo mengine ni kukubali tu yaishe, simu ifutwe watu waende zao.

"Sikubali," Sikubali akajibu bila kugeuka.

Mara ya tatu alihesabu kimoyomoyo. Jina lilipotokea aliachia kimoja, akabana kingine mpaka ukucha ukawa mweupe. Simu ikatetemeka. Giza likaja, likakaa, kila mtu akaona limekaa miaka. Kisha skrini ikawaka, nyeupe, imetulia, na chini pembeni pameandikwa maneno mawili: hali salama. Sikubali hakupiga kelele. Alishusha tu mabega, ambayo yalikuwa juu tangu Jumatano.

Fundi alimwelekeza akaifuta ile ruhusa, akawang'oa samaki, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna haja ya kuwahesabu. Kabla ya kuizima na kuiwasha upya alimfanya anakili sauti zote kwenye kadi ya kumbukumbu, maana mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ong'o. Simu ikawaka upya, safari hii bila kusitasita. Ili kuhakikisha, Darubini akaifungua sauti mojawapo.

"Fua felafini na fita," ikasema simu. "Uno felafini. Huyu anafeka fana, aja nafafi ya tumbo."

Darubini akakunja uso. Akasema kwa masikitiko kwamba spika imeharibika, itabidi aifungue tena.

"Spika ni nzima," Sikubali akamwambia. "Huyo ni mama. Anasema kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, na kwamba huyo anacheka sana, aachiwe nafasi ya tumbo."

Mwenye duka la saruji alicheka mpaka akashika kaunta. Mama naye alijitahidi kubaki amenuna, akashindwa, akageukia ukutani kwenye vifuniko vya simu, mabega yakimtetemeka.

Walipofika nyumbani hakukuwa na kicheko tena. Sikubali aliketi kwenye meza ya kukatia na daftari la bluu, akasikiliza sauti ishirini na tatu, akaandika vipimo vyote, akavirudia kuvihakiki kabla ya chakula cha jioni. Mama aliketi karibu akichora mistari ya chaki juu ya kitambaa. Binti alipomaliza ukurasa wa mwisho, mama akaliweka daftari kando.

"Mwanangu, sikukatazi ubishi. Leo ubishi wako ndio ulionusuru kazi yangu, nilikuwa nimeshaitupa kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini siku tatu ulizitumia kubishana na ukweli, na ukweli haujawahi kushindwa na mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alikuwa na dawa tangu alipotuona, alikosa kuambiwa ugonjwa tu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo la kubebeka. Halafu bishana na tatizo mpaka lichoke."

Sikubali alikuwa na jibu, kama kawaida. Alilimeza. Ijumaa alfajiri mkasi ukaanza kulia.

Msimulizi alikitoa kisa hiki kwa mara ya kwanza Jumamosi, dukani humo, mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao. Aliapa kwa mguu mmoja, akaketi kwenye kiti kizuri, akasimulia mpaka mwisho, na wateja wakampigia makofi. Sikubali alikuwa anapiga pasi sare ya kumi na nne. Akaisimamisha pasi.

"Sikubali. Babu, umesema hukupunguza. Mbona humo hukujitia? Jumatano jioni simu ilipogoma nilikuja kwako kwanza, nikakuonyesha. Nani aliniambia, 'Sema betri imechoka, mambo ya simu mama yako hayajui'?"

Mama akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Baba. Ni kweli?"

Msimulizi alikohoa. Alitafuta maneno, akayakuta yote yamekwenda mafunzoni na wauguzi. Akasema ni kweli, na kwamba jina la kiwanda halikutokea mara elfu moja na mia mbili vilevile, huenda ilikuwa mara kumi. Mama hakumgombeza. Alimletea sindano, uzi mweupe na kopo la vifungo, akamsogezea rundo la sare. Ishirini na tatu, vifungo vitano kila moja, vishonwe kwa mkono.

Jumla ni mia moja na kumi na tano, na anayebisha akavihesabu. Cha mwisho kilishonwa Jumapili saa tisa alasiri, na Sikubali akakivuta kwa nguvu kuona kama kimeshika.