Maua Yanakokwenda

"Dada, na blausi nyeupe sikupigi picha," mpiga picha alimwambia Chepkurui. "Ukuta mweupe, nguo nyeupe. Utatoka kichwa kinaelea."

Foleni yote nje ya ofisi ya pasipoti mjini Nakuru ikacheka. Chepkurui alikuwa amekuja kutoka Naivasha, nywele zimesukwa jana, blausi imepigwa pasi hadi mikono.

"Chukua hii." Mwanamume mrefu nyuma yake alikuwa anavua jaketi lake la maruni. "Mimi nina shati la bluu, kichwa changu kina pa kukaa."

Chepkurui alilivaa. Lilimfika karibu na magoti, na lilikuwa na harufu ya kiberiti.

"Unafanya kazi kwa visima vya mvuke wa umeme," alimwambia.

"Umejuaje?"

"Naishi Naivasha, boss. Hiyo harufu naijua."

Aliitwa Kibii, fundi. Kazini waliambiwa kila mmoja awe na pasipoti, pengine watumwe mafunzo nje. "Na wewe je, mrembo? Unaenda wapi?"

"Uholanzi." Alimwona anataka kucheka, akaongeza haraka, "Miaka tisa nafunga mawaridi, kila boksi linaenda huko. Nataka nione yakifika. Nione mtu akiyachukua, akiyanusa. Halafu nitembee kwa mashamba yao ya tulipu, Aprili yakichanua."

Kibii hakucheka. "Peke yako?"

"Unataka kunibebea begi?"

"Mabega ninayo."

Ilianza hivyo. Kila Jumapili baada ya kanisa walikaa kwa kibanda cha samaki karibu na ziwa, simu moja katikati, wakichagua miji, baiskeli za kukodi, hata sweta. Kibii alijua kumchokoza. "Mamii, huko wanakula samaki mbichi. Utaweza?" Naye alimjibu, "Wewe utabeba ugali kwa begi, nakujua." Alimwita Kibii wangu, na aliamini safari ni ya watu wawili.

Siku ya kupeleka maombi ya viza, Nairobi, Chepkurui alifika mapema na gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili hiyo. Kibii hakuja. Simu ilikuwa imezimwa. Alisubiri hadi jina lake likaitwa, akaingia peke yake, akajibu maswali.

Jioni Kibii alipiga. "Chepkurui, nisamehe. Kuna kitu nilishindwa..."

"Ulishindwa kuniambia hutaki?"

"Si hivyo."

"Ni nini basi?"

Chepkurui alihesabu hadi tano.

"Sawa," akasema, akakata.

Wamaitha, aliyefanya kazi naye meza moja, hakusita. "Huyo ana mwingine. Mwanaume wa kawaida angesema tu."

Viza ilitoka. Badala ya kupiga kelele za furaha, Chepkurui aliiweka chini ya godoro, akarudi kufunga maua. Wiki tatu hakushika simu za Kibii.

Jumamosi moja, akiwa Nakuru kumnunulia mamake viatu, namba asiyoijua ikapiga.

"Ni mimi. Usikate. Simu yangu imekufa, hii ni ya dereva. Uko wapi?"

"Nakuru. Unataka nini?"

"Nimetoka Eldoret. Nisubiri bustanini, Nyayo Gardens. Ukitaka kunikataa, nikatae nikikuona."

Alikwenda akijiambia ni dakika tano tu. Kibii alikuja akitembea kwa haraka, shati limetoka nje ya suruali, macho mekundu.

"Eldoret ulienda kufanya nini?"

"Nimepanda ndege. Nairobi hadi Eldoret, asubuhi hii."

"Na?"

"Naogopa ndege, Chepkurui." Aliketi kwenye benchi. "Mnara wa kuchimba visima nitapanda hadi juu nikipiga mluzi. Lakini ndege, hata picha yake inanitoa jasho. Ile siku ya viza nilifika hadi kwa geti, nikakuona na gauni la kijani, nikageuka. Ningekuambiaje? Mwanaume mzima."

"Ulinifanya nifikirie una mwanamke!"

"Heri ungefikiria niko na wendawazimu. Leo nimelia, mpenzi. Mama mmoja kando yangu alinishika mkono hadi tukatua, akaniombea kwa sauti, ndege nzima ikasema amina."

Chepkurui alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka hadi machozi, kisha akabaki na machozi tu.

"Ungeniambia ningekuwa huyo mama."

"Najua sasa. Jumatatu naenda kuomba viza. Wakininyima, wewe nenda, usinisubiri. Wakinipa, tukirudi salama nitakuuliza jambo."

"Uliza sasa. Mtu aliyetua leo anaahidi chochote."

Kibii alitazama vidole vyake, kisha akamtazama yeye. "Utaolewa na mimi?"

Chepkurui alitoa simu, akampigia mamake kule Molo.

"Mama, Jumapili nakuja. Nakuja na mgeni."

"Mgeni wa siku ngapi?" sauti ya mama ilisikika hadi kwa Kibii. "Nijue kuku ni wangapi."

Chepkurui alimshika Kibii mkono.

"Chinja tu, Mama. Huyu si wa kurudi kwao."