Krosova za Kanisa la Mbololo

Jumapili saa nne na dakika kumi asubuhi, wimbo wa kwanza haujafika ubeti wa pili, spika mpya za kanisa la Mbololo zilianza kunuka plastiki inayoungua. Sauti ikafifia, kwaya ikasikika kama watu wanaoimba chini ya blanketi. Saa tano unusu Miraj, aliyeuza spika hizo dukani kwake Voi, alikuwa ameshafika na bisibisi na kufungua maboksi yote mawili mbele ya wazee.

"Krosova hazipo," alisema.

"Hizo ni nini?" aliuliza Mzee Ndambuki, mwenyekiti wa kanisa.

"Ni kadi ya kugawa sauti, mzee wangu. Nzito inakwenda spika kubwa, nyembamba inakwenda hii ndogo ya juu. Mtu amezing'oa, akaunga nyaya moja kwa moja. Hii ndogo imebebeshwa mzigo usio wake, imeungua."

Ndambuki hakuuliza zaidi. Aliyekuwa akilala na spika hizo ni mmoja, Kiema, mlinzi wa usiku. Walimfungia stoo. Polisi wa Voi walisema watafika saa saba.

Ndila, mjane ambaye vijana humwita Mama Mwende, aliyeshika ufunguo wa kanisa kwa mwaka wa kumi na moja, alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Alijua kwamba Kiema akipandishwa gari la polisi mbele ya waumini, hata akirudi kesho yake, jina lake halitarudi naye. Aliomba kimoyomoyo, kwa ufupi, kisha akaenda mbele kuokota vitambaa vilivyokuwa vimefunika spika.

Katika kanisa lile chombo kipya hakionekani kabla ya kubarikiwa. Kina mama hukishonea kitambaa pande zote, na siku ya baraka mchungaji hukata mshono wa mbele. Kwa kawaida hushona Jumamosi jioni. Safari hii, kwa sababu ya harusi ya Jumamosi kule Bura, walishona Alhamisi saa tisa alasiri, spika ziliposhushwa tu na gari kuondoka.

Ndila alipitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, polepole, kitambaa cha boksi la kwanza kisha cha la pili.

"Mzee, huu mshono ni wangu. Kila mishono saba nafunga fundo. Hakuna fundo lililofunguliwa. Mchungaji amekata mbele tu, na sote tumemwona. Kiema angetoa vitu vipi humu ndani?"

Ndambuki alivaa miwani, akahesabu mafundo mwenyewe. "Basi zililetwa tupu," alisema, akamgeukia Miraj. "Kijana, umetuuzia maboksi."

"Wallahi mzee, mama huyu alikuja dukani asubuhi ya Alhamisi. Nilimfungulia kila boksi akaangalia."

"Kweli," Ndila alisema. "Kadi ya kijani, ina nyaya za shaba zimezungushwa kama uzi kwenye kibiringo."

"Labda alikuonyesha mengine, akapakia mengine," Ndambuki alisema.

Ndila akatoa daftari lake la mahubiri. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika namba za nyuma ya maboksi. Alizisoma, Miraj akafuatisha kwa bisibisi. Zilikuwa zile zile.

Ilikuwa saa sita na robo. Ndila alimgeukia Sylus, fundi mitambo wa kanisa, aliyeleta spika hizo kwa gari lake na ambaye tangu asubuhi alikuwa akikunja waya ule ule.

"Mwanangu, Alhamisi ulipakia Voi saa ngapi?"

"Saa nne hivi, Mama Mwende."

"Hapa ulifika saa tisa. Hata punda angekuwa amefika na kulishwa."

"Nilipata pancha."

"Sawa. Wiki jana kwenye mazishi ya Muasya spika zako za kukodisha zilikuwa zinakwaruza, watu wakaziba masikio. Jana harusini Bura zililia safi kabisa. Ziko garini hapo nje. Mpe Miraj afungue."

"Ni mali yangu. Mnataka kunipekua kama mwizi?"

"Kiema mlimfungia bila hata kumuuliza," Ndila alisema. "Lete ufunguo."

Sylus alimtazama Ndambuki, Ndambuki akatazama saa. Ufunguo ukatoka. Dakika kumi baadaye Miraj alirudi na kadi mbili za kijani mkononi.

"Zangu ziliungua, na harusi nilikuwa nimeshaahidi," Sylus alisema kwa sauti ndogo. "Niliazima tu. Niliunga nyaya ili mkizijaribu zilie. Jana jioni nilikuja kurudisha, nikakuta mmeshashona."

"Ungeniita nifumue."

"Ungeniuliza sababu."

"Ningekuuliza. Na wewe ukaona afadhali Kiema aulizwe na polisi."

Ndambuki aliwapigia polisi mwenyewe kuwaambia Kiema hana hatia, kisha akaenda kufungua stoo. Kiema alitoka akipepesa macho. Ndila alimsukuma Sylus mbele kwa kiganja, naye akalirudia jambo lote mbele ya waumini waliobaki.

"Waliponifungia," Kiema alimwambia, "wewe ndiye uliyeshika mlango."



"Tumekukosea," Ndambuki alisema. "Leo jioni tutakungoja kwenye zamu yako."

Kiema alivua koti lake la ulinzi, akalikunja vizuri, mikono ndani, akamwekea mzee mikononi. Akampa Ndila mkono wa shukrani, kisha akateremka njia ya kwao bila kugeuka.