Liwa Ndani ya Kompyuta

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa mlio wa kitanda cha kufumia. Baba hukanyaga, mbao hugonga, na bibi huita kutoka jikoni kwamba kahawa inapoa. Sisi ni wafumaji wa sari za hariri hapa Arani, kusini mwa India. Baba anafuma. Mimi, Thenmozhi, ninachora mapindo kwenye kompyuta. Mchoro wangu hutobolewa kwenye kadi, na kadi ndizo zinazouongoza uzi.

Mwezi ule nilikuwa nachora pindo la tausi kwa sari ya bibi harusi wa mtaa wa pili. Tausi walikuwa karibu kukamilika. Walikuwa ndani ya kompyuta tu, si mahali pengine.

Ikafika sikukuu ya zana. Siku hiyo kazi husimama. Kila kitendea kazi husafishwa, hupakwa liwa, ule uji mzito wa msandali, na unga mwekundu, huvishwa maua, kisha hupumzika. Baba alisafisha kitanda, mikasi, hata baiskeli.

"Na hii?" bibi akauliza, akiinyooshea kompyuta kidole. "Inatufanyia kazi mwaka mzima. Haina haki ya kuheshimiwa?"

"Inayo, mama," baba akasema.

Akafungua ubavu wa kasha, akapangusa ndani kwa kitambaa kibichi. Akachomoa vijiti viwili vyembamba, akavifuta. Bibi akavipaka liwa kimoja kimoja, wakavirudisha. Sote tuliona tumefanya vizuri.

Kesho yake nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na kompyuta ikaanza kulia: pii, pii, pii.

Baba akampigia simu fundi wa sokoni. Alipokata simu, uso ulikuwa umemshuka.

"Anasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Tununue kompyuta mpya." Akakitazama kitanda chake. "Hatuwezi. Nitarudia kadi za zamani. Nawe, mwanangu, kinu cha nyuzi kinatafuta wasichana."

Wasichana wa kinu hulala huko huko. Nyumbani hurudi wakati wa sikukuu tu.

"Mtoto haendi popote kwa sababu sanduku linalia," bibi akasema. "Kamwite Malar."

Dada Malarvizhi, tunayemwita Malar, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hutengeneza kompyuta za ushirika wa wafumaji. Alikuja na mkoba wake mdogo, bado anatafuna.

"Nani kasema mazabodi imekufa?"

"Fundi wa sokoni," baba akajibu.

"Alikuja kuiona?"

"Nilimweleza kwa simu."

"Kumbe ni mganga yule," Malar akasema. "Mimi siwezi hayo, lazima nifungue."

Kwanza hakufungua. Alikagua waya wa umeme na waya wa skrini, akaona zimekaza. Kisha akaiwasha, akasikiliza.

"Mlio huu mara nyingi ni wa kumbukumbu, ile tunayoiita RAM. Lakini hatubahatishi. Tunapima."

Akachomoa waya ukutani. Akabonyeza swichi ili umeme uliobaki uishe. Akagusa bati tupu la kasha.

"Mwili hubeba umeme kidogo usiousikia," akaniambia. "Unaweza kuua hivi vipande. Gusa bati kwanza, na wewe."

Nikagusa. Akafungua ubavu, akainama, akanusa.

"Nani kaipaka liwa?"

Bibi akatazama dari. "Ilikuwa sikukuu."

"Inanukia vizuri, bibi. Shida iko hapa." Akachomoa kijiti kimoja. Ukingoni kulikuwa na meno madogo ya dhahabu, yamefunikwa na utando wa manjano. "Umeme hupita kwenye meno haya. Liwa inauzuia. Na maji ya kitambaa yanaharibu zaidi."

"Hicho ndicho kinachotunza michoro?" baba akauliza.

"Hapana, kaka. RAM ni kama meza ya kazi. Unachochora sasa hivi kimetandazwa hapa. Ulichokwisha kuhifadhi kinakaa kwenye diski, kule chini."

"Kwa hiyo tausi..." nikaanza.

"Tausi wako sijawaona bado. Ila diski haikupakwa kitu. Tusianze msiba."

Akanipa kifutio cha penseli. Nikasugua meno taratibu mpaka yakang'aa. Yeye akasafisha nafasi za vijiti kwa brashi kavu.

"Sasa weka kijiti kimoja tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kibovu."

Niliweka cha kwanza. Pii, pii. Tukazima, tukachomoa waya, nikakihamishia nafasi nyingine. Pii, pii. Tukazima tena. Katika nafasi ile ile nikaweka cha pili.

Kimya. Skrini ikawaka.

"Umeona nini?" Malar akauliza.

"Kosa linafuata kijiti," nikanong'ona. "Nafasi ni nzima."

"Sema baba yako asikie."

Nikasema tena. Baba akaacha kukunja uzi, akanitazama.

Malar akachomeka flashi yenye programu ya kupima kumbukumbu. "Iache mpaka imalize. Likitokea kosa hata moja, na hiki hatukiamini." Tulikula, tukaosha vyombo. Hakukuwa na kosa. Akapima na diski, nayo ikawa salama.

Nikafungua mchoro wangu. Tausi wote walikuwepo, mikia imetandazwa. Kabla sijagusa kitu, Malar akaninyooshea flashi nyingine.

"Nakili kwanza. Furahi baadaye."

"Na ile mpya tuliyoambiwa tununue?" baba akauliza.

"Ya nini? Mkipata nafasi, nunueni kijiti kimoja. Kwa sasa itakwenda polepole tu."

"Kama mimi," bibi akasema. "Na mimi bado nafanya kazi."

Bibi harusi alivaa tausi wake. Habari ya kinu haikutajwa tena.

Mwaka uliofuata, siku ya zana, baba alichomoa waya, akapangusa kasha kwa nje kwa kitambaa kikavu. Bibi akaweka tone la liwa juu ya bati, mbali na matundu ya hewa.

"Ndani hapana," baba akamkumbusha.

"Nimesikia. Mungu anaona hata kupitia bati."

Siku hizi kompyuta ya mfumaji ikilia baada ya sikukuu, mwenyewe huniita mimi. Nafika, nagusa bati, na swali langu la kwanza ni moja:

"Mmeipaka wapi?"