Kioo Kwenye Jua la Saa Nane

Mzee Sanga alikuwa amelala chali chini ya mnazi wake mwenyewe, shingo imevunjika, kotama yake ya kugemea imedondoka hatua tatu kando. Ilikuwa Jumatatu, saa tisa kasoro, na jua la Kaloleni halikuwa na huruma kwa mtu. Inspekta Kavata alipiga goti. Kiganja cha kulia cha marehemu kilikuwa na mikato minne mifupi, iliyofuatana.

Wagema huanguka. Hilo hata Kavata, mzaliwa wa Kitui, alilijua baada ya miaka sita ya kazi pwani. Lakini mtu aliyeanguka tu hakatiki kiganja namna ile. Isitoshe, waliokusanyika walikuwa wameshaanza kunong'ona jina la Dena, mgema mwenzake, ambaye wiki iliyopita alirushiana naye maneno juu ya mnazi wa mpakani.

Shahidi alikuwa mmoja tu. Aliitwa Cliff, mpimaji wa mashamba, aliyekuwa akirusha droni tangu saa nane kupiga picha za mipaka.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwenye uwazi ule, afande. Kama hatua mia mbili."

"Droni ilikuwa juu ya mnazi huu?"

"Karibu nao."

"Kwenye kioo cha rimoti yako, ulimwona Dena?"

"Nilimwona."

"Akimfanya nini?"

"Alimvuta mguu."

"Picha ziko wapi?"

"Nilikuwa sijaanza kurekodi."

Kavata aliandika haraka, kwa furaha ya askari aliyepata jicho lililoona kila kitu kutoka juu. Furaha ile ilikuja kumuuma baadaye. Kabla ya magharibi Mzee Dena alikuwa seli.

"Tumegema pamoja tangu hatujaota ndevu," mzee alimwambia kupitia nondo. "Tukigombana asubuhi, jioni tunakunywa tembo kwa kata moja."

"Kwa hiyo mligombana."

Dena akauliza, "Makarara yake nani anayakata?"

"Makarara?"

"Karara la mnazi, lile chipukizi la maua litoalo tembo, hukatwa mara tatu kwa siku, mama. Usipolikata linakauka, tembo linakwisha. Ana minazi saba. Nipe askari tufuatane, nikate, nirudi humu humu."

"Hii ni kesi ya mauaji, Mzee. Mambo ya makarara yatangoja."

Mahakama ilimpa Kavata siku saba za kumzuilia mshukiwa. Alhamisi Sanga akazikwa. Dena aliomba kuhudhuria, akakataliwa kwa kuhofia fujo. Kavata mwenyewe alisimama kando ya kaburi, akichunguza nyuso za waombolezaji, na hakuna uso uliomwambia kitu.

Jumamosi mchana, nje ya kituo, simu yake ilitoa mlio wa ujumbe. Aliitazama, asione herufi hata moja. Akaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Wapi. Aliona pua yake, miwani yake na anga. Ikabidi alipe jua mgongo na kujifunika mtandio, kichwa na simu pamoja, ndipo asome.

Ulikuwa wa daktari aliyepasua maiti. "Inspekta, umesoma taarifa yangu? Mikato ya kiganjani ni myembamba mno. Si ya kotama."

Taarifa ilikuwa mezani pake tangu Jumatano. Alikuwa ameisoma ukurasa wa kwanza tu, palipoandikwa shingo imevunjika. Alibaki chini ya mtandio ule, jasho likimtoka, aibu ikimpanda polepole. Saa nane mchana, mahali pasipo kivuli, Cliff aliona vipi mguu wa mtu kwenye kioo?

Saa hiyo hiyo alimpeleka Cliff kwenye uwazi.

"Simama ulivyosimama Jumatatu."

Cliff alirusha droni, akalipa jua mgongo ili kivuli chake kiangukie kioo. Kisha akatoa boksi la katoni lililokatwa upande mmoja, ndani limepakwa weusi, akakivika kioo. Kavata aliinama akachungulia. Minazi ilionekana wazi, hata makuti yaliyokauka.

"Jumatatu ulikuwa na boksi hili?"

"Ndiyo, afande."

Kavata aligeuza boksi. Ubavuni palikuwa na jina kwa kalamu nene: Emily. Duka la Emily lilikuwa pale njiani.

"Ni la biskuti zangu," Emily alisema. "Gari la jumla huniletea kila Jumanne, na dereva huandika jina la kila mteja. Huyu alilichukua Jumanne ya wiki hii, siku moja baada ya Mzee Sanga kufa, akanunua na rangi nyeusi ya viatu."

Walirudi uwazini. Kavata aliliondoa boksi.

"Sasa niambie unaona nini."

Cliff alitazama kioo kwa muda mrefu.

"Najiona mimi."

"Na Jumatatu?"

"Nilijiona mimi." Aliketi chini kwenye majani. "Sheria inataka pawe na mtu wa kutazama angani ninapotazama kioo. Msaidizi wangu aliugua. Nikasema ni shamba moja tu. Nililipa jua mgongo, mnazi ukawa nyuma yangu. Nikaishusha droni nikidhani iko juu ya uwazi. Nikasikia mapanga yake yanayozunguka yakigonga kitu, kisha nikasikia mtu akianguka."

"Aliinua mkono kujikinga."

"Nadhani ndivyo. Nikaipandisha, nikaishusha huku, nikabadilisha panga lililovunjika."

"Na Dena alikukosea nini?"

Cliff aliinua uso. Hakuwa na ukali wowote.

"Jina lake ulilitaja wewe, afande. Mimi nilikuja kusema ukweli, nilikuwa nao mdomoni. Ukaniuliza kama nilimwona Dena. Niliingojea leseni yangu ya droni miaka miwili, na wewe ukanifungulia mlango. Nikapita. Usiku sikulala. Jumanne nikatengeneza boksi, isije ikatokea tena."

Kavata alimfunga pingu.

Mzee Dena alitoka seli saa kumi na moja. Kavata alimpeleka mwenyewe kwa gari hadi kwenye minazi ya Sanga. Mzee aliitazama mmoja mmoja bila kupanda. Makarara yote saba yalikuwa makavu, na vibuyu vilivyoning'inia vilizungukwa na nzi.

"Siku tano," alisema.

"Nimekukosea, Mzee. Niliona nilichotaka kuona. Nisamehe."

Dena aliokota fimbo chini, akajifuta macho kwa kiganja.

"Nipeleke kaburini kwake," alisema. "Wewe unapajua. Ulikuwepo."