Maua Kwenye Kitambaa Cheupe

Siku hizo chumba chetu cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na mama. Yeye alikata, mimi nilishona. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kitambaa cha maua hakukigusa kwa mkasi mpaka ua la upande huu likutane sawasawa na nusu yake ya upande wa pili. Nikikosea kuyaunganisha, nafumua. Jamani, nimefumua mimi! Hata leo nazikumbuka siku zile kwa hamu.

Alipofikisha miaka sabini na mbili, muuguzi wa macho alituletea kitambaa cha gauni lake la harusi. Kilikuwa cheupe tupu. Jioni hiyo nilitoka kidogo kuanua nguo. Niliporudi, mama alikuwa amekikata kwa kupindapinda, kama anayezunguka vitu.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefuata maua."

"Maua gani?"

Alikipapasa kitambaa.

Kaka yangu alipandwa na hasira. "Mama akili zimeanza kumruka. Atatuaibisha!" Akachukua mkasi, akaufungia kabatini.

Mama alikaa wiki nzima mikono mapajani. Siku moja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ndiyo nimekuwa mwendawazimu?" Nilimshika mkono. Roho iliniuma sana.

Muuguzi alipofuata gauni lake, nilijiandaa kutukanwa. Alikitazama kile kitambaa, kisha akavuta kiti karibu na mama.

"Shikamoo, Fundi. Hebu niambie, uliona nini?"

Sisi hatukuwa tumemwuliza hivyo. Mama akafunguka. "Maua mekundu. Huja jioni, mwanga ukipungua. Najua hayapo. Lakini siku ile yalikaa vizuri mno, nikajisahau."

"Yanasema nawe?"

"Maua yaseme? Mgonjwa ni mimi au wewe?"

Muuguzi alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mama, jicho halioni peke yake," alisema, akimchungulia machoni. "Jicho hupeleka habari, na ubongo huzipanga ziwe na maana. Macho yako yana ukungu, kwa hiyo habari zinafika pungufu. Wewe ukiletewa kitambaa pungufu unafanyaje?"

"Naunga. Tena mteja hajui!"

"Basi na ubongo wako unaunga. Unajaza pengo kwa picha zake wenyewe. Huo si wazimu. Ila twende kwa daktari, maana yapo magonjwa mengine yanayoleta hali hiyo. Kwa sasa, maua yakija, washa taa, pepesa macho, halafu gusa kwa mkono."

Daktari alimpima, akakuta mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alimpasua jicho moja, na baadaye la pili. Maua yakatoweka. Mama alikiri kwamba aliyatamani tena kidogo.

Tulinunua kitambaa kingine cheupe. Kaka mwenyewe ndiye aliyeleta mkasi, uso chini.

"Nisamehe, mama. Nilidhani umepotea."

"Nilikuwa hapa hapa," mama alimjibu. "Ungeniuliza tu."

Akainama, akakata gauni lile kwa mstari ulionyooka.

Mama hayupo tena, na meza ile sasa ni yangu. Mzee akiniambia ameona kitu nisichokiona, simcheki wala simkatizi. Namwuliza ameona nini, namsikiliza mpaka mwisho, kisha nampeleka kliniki.