Upinde wa Asiyeweza Kuja

Maranda yalinuka jasho.

Mke wa fundi ndiye aliyeligundua hilo, asubuhi moja alipokuwa akifagia karakana iliyoungana na nyumba yao. Aliokota konzi ya maranda, akayanusa, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Baba watoto, mti huu unanuka wewe."

"Usinuke vipi, na tangu alfajiri nauchonga?"

"Jasho lako nalijua miaka thelathini. Hili halikudondokea juu ya mti. Limetoka ndani."

"Basi uufue," fundi alisema, akacheka peke yake.

Alikuwa fundi wa pinde za kuwindia, na kazi yake ilikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulivunja: upinde hupimwa kwa mwili wa atakayeuvuta. Alimsimamisha mteja ukutani miguu mitupu, akausimika mti kando yake, akatia alama pale nyusi zilipofika. Mtu mfupi, upinde mfupi. Bila kimo cha mtu, hakushika kisu.

Lakini juma lililopita alikuja mwanamke aliyejitanda mpaka machoni, akaleta mti mweusi, mzito, ulionyooka kama uzi uliovutwa. "Mwenyewe hawezi kuja," alisema. "Mpime yeyote." Fundi alitaka kukataa. Ila mti ule haukuwa na fundo hata moja, na mikono ilimwasha. Mgeni alipoondoka, akavua viatu, akasimama ukutani, akajipima mwenyewe.

Tangu siku ile, kila alipoupunguza mti, naye alipungua. Alipokwangua kati, mkanda wa suruali ulimlegea. Alipochonga ncha, vidole vyake vikawa kama njiti.

"Kula, mume wangu," mkewe alimsihi. "Watu watadhani nakulisha hadithi."

Alikula, tena akaongeza. Haikusaidia kitu.

Siku upinde ulipokamilika, saa sita mchana, jua likiwa kali mlangoni, fundi akafunga ugwe, yaani kamba ya upinde, tayari kuujaribu. Alikuwa na ubao mrefu wa kazi hiyo, umeegemezwa ukutani, una kishikizo juu cha kushika upinde katikati na mapengo yaliyokatwa moja chini ya jingine. Desturi yake ilikuwa kuuvuta ugwe mpaka pengo la kwanza, kuutega hapo, kisha kurudi nyuma kutazama kama upinde unakunjika sawa pande zote. Halafu pengo la pili, la tatu, taratibu, kwa siku kadhaa.

Akavuta. Ka! Ugwe ukakaa, na mgongo wa fundi ukainama kama wa mtu anayemwamkia mkubwa wake. Akanyoosha mkono autegue. Kabla hajaugusa, ugwe ukashuka wenyewe. Ka! Pengo la pili. Kichwa chake kikaelekea magotini, pumzi ikabanwa mbavuni, akabaki anatazama vidole vyake vya miguu bila uwezo wa kutazama kingine.

"Mama watoto," aliita, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya gunia.

Mkewe alitoka jikoni na kisu cha kukatia vitunguu. Alimwona mumewe amekunjika, akauona upinde umekunjika vilevile, akakimbilia ugwe.

"Usikate! Upinde uliovutwa ukikatwa ugwe, unapasuka vipande vipande. Nami nitapasuka nao. Uinue, uurudishe pole pole."

Akatupa kisu, akauinua ugwe kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito, kana kwamba mtu mzima ameuning'inia kwa upande wa pili, na alipozidi kuunyanyua alihisi pumzi ya vuguvugu sikioni, yenye jasho lile lile la mumewe, kisha sauti ikatoka ndani ya mti, nyororo, ya kubembeleza, kama ya mtoto aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha.

"Sina mwili wangu. Niachieni huu."

"Mtoke mume wangu," alinong'ona mke.

"Nitatoka. Nipime kwa mwingine."

"Nipime mimi, basi."

"Thubutu!" fundi alifoka akiwa chini kule. "Mama watoto, toka nje. Nenda, funga mlango, usirudi."

Ka! Pengo la tatu. Kitu kililia kifuani mwa fundi, kama ukuni mkavu unaokanyagwa, na mke, ambaye hakuwa tayari kutoka wala kukiona kifo kile, alizungusha macho karakana nzima akitafuta chochote chenye kimo, mpaka yakatua kwenye nguzo ya kati, ile iliyoshika paa la karakana na la nyumba pamoja. Akaukumbatia ubao na upinde wake, akauburuta, akausimamisha upinde wima kando ya nguzo, akachora alama ya mkaa pale ncha ilipofika.

"Haya," alisema akihema. "Umepimwa. Chukua."

Ugwe ukarudi nyuma, pole pole, pengo kwa pengo. Fundi akanyooka. Akajipapasa mbavu, akamshika mkewe mabega, wote wawili wakacheka.

"Mke wangu, una akili kuliko mimi."

"Hilo si habari mpya. Tutoke humu."

Mlango ulikuwa umejifunga na kubana. Fundi aliusukuma kwa bega, kisha kwa mgongo wake mpya, nao haukusogea hata unywele, kwa kuwa fremu yake ilikuwa imepinda na kuubana kama meno. Wakageukia dirisha, nondo zake zilikuwa zimejipinda kuelekea ndani. Nyuma yao: ka! Nguzo ikainama, taratibu, kwa adabu, na paa likashuka likafika karibu na nywele zao.

"Tuukate ugwe?" mke aliuliza.

"Nyumba nzima itatupasukia."

Jasho la fundi lilikuwa sasa linatiririka kutoka kwenye kuta.

"Ubao wako una mapengo mangapi?"

Aliyakata mwenyewe, kwa msumeno wake. Hakuhitaji kuyahesabu.

"Kumi na mawili," alisema, na ugwe ukaingia la pili.