Karatasi Nyeupe ya Jikoni

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare za shule, nilikusanya kuni na kumwashia Bibi moto. Tulipikia katika chumba kidogo chenye dirisha moja la kupitisha mkono. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikohoa tangu nipate akili. Tulikwisha kuzoea. Akianza kukohoa tulinyamaza, akimaliza tuliendelea na mazungumzo.

Wakati wa likizo ndefu ya vyuo, binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu alirudi kutoka chuo kikuu. Alikuwa na kazi ya kupima moshi katika nyumba kumi na mbili zinazopikia kuni. Mtaa mzima ukambandika jina la Mtafiti, naye akaitika. Kwetu alitundika ukutani kisanduku cheupe kinachovuta hewa, ndani yake mna karatasi ya kunasa masizi. Alieleza kwamba familia tatu ambazo moshi wao umezidi zingejengewa jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje. Kisanduku kikae siku mbili, akasema, na mtu asikiguse.

Mimi nikakigusa. Kuta zetu zilikuwa nyeusi tii, na nilikwisha kufundishwa kwamba kitu cha watu hurudishwa kikiwa safi. Tena niliwaza darasa zima likisikia kwamba jikoni kwetu ndiko kuchafu kuliko kote. Nikakivisha mfuko wa plastiki na kuukaza kwa uzi. Siku ya pili niliuvua kabla hajafika, Mtafiti akakikuta kama alivyokiacha.

Alipokifungua, karatasi ilikuwa nyeupe pe. Akashangaa, akasema basi sisi hatuhitaji jiko jipya. Mama akatabasamu kwa fahari. Mtafiti akauliza kama kuna aliyekigusa, nami nikajibu hapana, macho makavu kabisa.

Bibi alitaka kumshukuru mgeni, lakini kikohozi kikamkamata. Kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Aliinama, akashika mlango, midomo ikabadilika rangi. Mtafiti alimtazama Bibi, akaitazama karatasi, akamtazama tena Bibi. Hapo hofu ikanishika kwelikweli.

"Dada, nilikifunika," nikasema. "Siku zote mbili. Niliogopa watatucheka."

Mama alinikodolea macho kana kwamba hanijui. Mtafiti hakunigombeza. Aliweka karatasi mpya, akaomba tupike kama kawaida.

Baada ya siku mbili alikifungua mbele yetu, na sote tukaduwaa. Karatasi ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Mtafiti alitamka kwa sauti ndogo kwamba katika nyumba zote kumi na mbili hajaona kama hii. Hizo zilikuwa siku mbili tu, na Bibi amepika mle miaka arobaini.

Bibi aliipokea ile karatasi, akaipitishia kidole, akakiangalia kidole chake.

"Kumbe," akasema, "na mimi nilidhani ni uzee."

Mwezi haukuisha kabla fundi mwashi hajatujengea jiko banifu, bomba likapenya paa. Mama alimpeleka Bibi hospitali. Daktari alisema mapafu yameumia, na kilichoharibika hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa. Alimpa dawa, na kikohozi kikaanza kupungua.

Siku tuliyowasha jiko jipya, Mama aliniita kando. Nilijua nakwenda kuchapwa.

"Ulitaka watu watuone safi," alisema. "Nakuelewa. Hata mimi ile karatasi nyeupe ilinifurahisha, sikujiuliza mara mbili. Lakini kipimo cha uongo hakimtibu mtu, mwanangu. Kama ungenyamaza, tungeendelea kujisifu mpaka siku ya kumzika bibi yako."

Nilikwenda kuketi karibu na Bibi, nikamsikiliza anavyopumua.